Tuisheni ya takwimu mjini Malindi: ubao au vijikaratasi?

Kituo kimoja cha tuisheni mjini Malindi huwafundisha takwimu za mwanzo wanafunzi wa vyuo vikuu waliorudi nyumbani likizoni, na somo hilo hilo hutolewa na walimu wawili wenye mbinu tofauti. Nimehudhuria madarasa yote mawili, na ninalipendekeza la pili kwa dhati.

Mwalimu wa kwanza huanza na kanuni ubaoni, akafanya mfano, kisha akatoa maswali ya mitihani iliyopita. Ni mtaratibu na mwenye subira, na kwa mada kama wastani njia yake inatosha. Upungufu huonekana katika makadirio yatokanayo na sampuli: mwanafunzi hugawanya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika kuuzunguka wastani) kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli, akapata jibu sahihi, lakini akiulizwa kwa nini iwe kipeuo, hana la kusema.

Mwalimu wa pili huja na sanduku la vijikaratasi, kila kimoja kimeandikwa uzito wa changu mmoja aliyepimwa pale wavuvi wanapoteremsha samaki. Kila mwanafunzi huchota 10, hukokotoa wastani na kutia nukta kwenye chati ya ukutani, kisha huvirudisha vyote na kuchota 40. Hapo ndipo darasa zima huona nukta zikikaribiana, na kwamba kuongeza sampuli mara nne kumepunguza mtawanyiko wa wastani kwa takriban nusu tu, wala si kwa robo tatu kama wengi wetu tulivyobashiri. Kanuni huandikwa baada ya hapo, wakati kila mtu keshaona haja yake. Wanaoudhani huu mchezo wa watoto wakumbuke kwamba mtaalamu wa takwimu William Sealy Gosset, alipokuwa akichunguza tabia ya sampuli ndogo, aliandika vipimo vya watu 3000 kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya na kuvigawa katika sampuli 750 za watu wanne wanne. Matokeo aliyachapisha mwaka 1908.

Kasoro ni muda. Uchotaji hula sehemu kubwa ya kipindi, hivyo mwenye mtihani wa karibu atafaidika zaidi kwa mwalimu wa kwanza. Kituo pia hakina kompyuta, ilhali R, programu ya kompyuta ya kukokotolea takwimu, hupatikana bila malipo na ingeweza kurudia uchotaji huo mara elfu kumi kwa muda mfupi sana. Kompyuta moja tu na projekta vingetosha darasa zima.