Uzoefu wangu: mita ya umeme ya bei chee na gari linalowaka likijisikia

Nimekaa na hii maltimita ya kidijitali, kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia volti na mkondo wa umeme, zaidi ya mwaka sasa, kwa hiyo naweza kuisema kwa mazuri na mabaya. Niliinunua Kariakoo, upande wa Gerezani, chini ya shilingi 30,000. Ni ile ya kawaida kabisa, ya njano, yenye swichi kubwa ya kuzungusha katikati, na haina jina la maana. Niliinunua kwa hasira.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la oto. Asubuhi linawaka bila neno. Nikishakula nalo foleni hadi mjini, nikazima, nikarudi baadaye na kuzungusha funguo, nasikia "tak!" moja tu, basi. Taa za dashibodi zinang'aa, redio inaimba, honi inalia. Nikisubiri huenda likawaka, huenda lisiwake. Na kwa kuwa ni oto, hata wale vijana wa kusukuma hawana msaada.

Ugonjwa wa namna hii unawasumbua mafundi kwa sababu gari likifika gereji linawaka vizuri tu. Fundi wa kwanza nilimwita palepale lilipogoma. Akalishtua kwa betri ya gari lake, likawaka mara moja, akaniambia, "Dada, betri yako imechoka, usijisumbue." Nikanunua mpya, likagoma na hiyo mpya. Gereji ya pili wakachomeka kompyuta, wakachukua hela yao, wakasema gari halina kosa. Hao siwalaumu sana: kompyuta huandika zaidi makosa ya sensa na ya injini ikiwa inafanya kazi, na magari mengi ya umri huu hayafuatilii kabisa nyaya nene za starta, ile mota inayozungusha injini hadi iwake. Fundi wa tatu alitaka tutoe starta tuweke nyingine ya mtumba, bila kupima chochote. Hapo ndipo nilipokwenda Kariakoo.

Uzuri wa mita kuliko gereji ni kwamba inakaa garini ikisubiri gari ligome. Siku lilipogoma, Mwenge, mdogo wangu alikaa kwenye usukani, gia ikiwa P na breki ya mkono juu, mimi nikafungua boneti. Kwanza vijiti viwili vya mita kwenye vichwa vya betri: volti 12.6. Betri iliyojaa na kupumzika husoma hapo, ikiwa 12.0 ujue haina nguvu. Nikamwambia, "Haya, piga!" Tak. Namba ikashuka hadi 12.4, ikaishia hapo.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Starta ikizunguka kweli hunyonya umeme mwingi, kiasi kwamba hata betri nzima hushuka hadi 10 na kitu, na iliyochoka huporomoka chini ya 9.6. Yangu haikushtuka hata kidogo. Maana yake umeme mwingi haukutoka kabisa. Kuna mahali njia imeziba, na si ndani ya betri.

Nikahamisha kijiti chekundu kwenye chuma cha injini, cheusi kikabaki kwenye hasi ya betri. "Piga tena!" Hapo panatakiwa pasome chini ya nusu volti hata starta ikiwa inazunguka. Mita ilisoma 9 na pointi. Volti tisa zinapotelea kati ya betri na injini! Nikaufuata ule waya mnene mweusi unaotoka hasi ya betri hadi boliti inayoufunga kwenye boksi la gia, chini ya trei ya betri. Kwa mkono hautikisiki, umekaza. Lakini nilipoifungua boliti, kichwa cha waya kilikuwa na unga wa kijani, na chuma chini yake kimeota kutu ya kahawia. Msasa, spana namba 12, grisi kidogo juu, nikapima tena: 0.2. Halijagoma tangu hapo.

Mengine yote yakajieleza. Taa na redio zilikuwa na waya wao mwembamba unaotoka hasi kwenda kwenye bodi, ndiyo maana hazikufifia. Na yule fundi wa kwanza alipolishtua gari, klipu nyeusi aliibana kwenye chuma cha injini, kwa hiyo aliuruka waya mbovu pasipo kujua, na betri yangu ya zamani ikabeba lawama. Betri yenyewe ipo kwa mama Kibaha, inawasha taa umeme ukikatika.

Kwa mita yenyewe natoa nyota nne. Kioo hakina taa, jua la mchana likipiga inabidi ukikinge kwa kiganja. Namba zinabadilika polepole, kwa hiyo anayepiga starta ashikilie funguo sekunde mbili tatu ndipo usome. Haijizimi, ukisahau, betri yake ya volti 9 inaisha. Halafu kuna lile tundu la 10A: ukiacha waya mwekundu humo kisha ukagusa vichwa vya betri kupima volti, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na kwenye nyingi za bei hii tundu hilo halina fyuzi. Mkondo wa starta usijaribu kuupima nayo, ule unazidi ampea 100.

Na kama starta yako inazunguka vizuri ila gari haliwaki, shida inaweza kuwa kwenye mafuta, plagi au funguo yenye chipu, na huko kompyuta itakufaa zaidi kuliko hiki kidude.

Nyaya zilizokuja nayo ni fupi mno. Muuzaji ana ndefu zenye vibanio mwishoni. Nilizirudia baadaye, na sasa nabana chini ya boneti, napitisha nyaya dirishani, naweka mita juu ya dashibodi na kupiga starta mwenyewe. Ukienda kununua, chukua na hizo siku hiyohiyo.