"Distinctive" au "peculiar"? Kwa anayeisifu Mombasa kwa Kiingereza

Maneno haya mawili huwatatiza vijana wengi wanaotembeza wageni Mji wa Kale. Yote yanagusa upekee, lakini moja ni sifa, la pili laweza kumuudhi mtu.

"Distinctive" ni salama. Ni kitu unachokitambua upesi kwa alama yake: milango ya nakshi, harufu ya kahawa tungu jioni. Halidai kwamba kitu hicho hakipatikani kwengine.

"Peculiar" ndilo la kuangaliwa vizuri. Limetoka kwenye neno la Kilatini "peculium", mali ya mtu binafsi, na nyuma yake kuna "pecu", mifugo, maana mifugo ndiyo iliyokuwa utajiri. Kutoka mali ya mtu peke yake, neno likasogea hadi kwenye ajabu na kituko. Ukimwambia mgeni kofia yake ni "peculiar", hujamsifu hata kidogo! Heshima yake hurudi likifuatwa na "to": "peculiar to Mombasa", yaani ya Mombasa tu. Hapo nawe uwe na hakika. Sisi twasema "ndia" kwa njia, na wengi hudhani ni yetu peke yetu. Lamu nako wasema vivyo hivyo. Basi tamshi hilo ni "distinctive", si "peculiar to Mombasa".

Mimi, nikiwa mbele ya mgeni, huchagua la kwanza. La pili naliweka kwa maandishi, na baada ya kuuliza wazee.