Mbegu, miche au chungu kizima: ununue nini kwanza kwa bustani ya nyumbani

Majira ya machipuko yakianza tu, wauza mimea wanapanga mbele kabisa vile vyungu vyenye maua yameshafunguka na nyanya ambayo tayari ina vitunda viwili vitatu, na hapo ndo hela za watu wengi zinaishia. Mi ushauri wangu ni kwamba usianze kuangalia bei wala uzuri, anza kujiuliza huu mmea mizizi yake ikisumbuliwa unakuwaje, maana hapo ndo utajua ununue mbegu, mche au kipandikizi. Nimepanga hapa kuanzia kile ambacho hela yako inafanya kazi zaidi mpaka kile cha kuacha kabisa.

Namba moja: mbegu, ila kwa mimea inayopandwa moja kwa moja shambani

Karoti, figili, bitiruti, maharage, njegere, mahindi, giligilani, alizeti, zinia. Hivi vyote ni mbegu, full stop. Ukikuta mtu anauza miche ya karoti mpite kimya kimya, mzizi wa katikati ukishajikunja kwenye trei karoti inatoka na miguu miwili au imejisokota. Giligilani nayo ukiihamisha inashtuka na kukimbilia kutoa maua kabla hujala majani ya kutosha. Matango na maboga unaweza kununua mche kama una haraka, lakini mbegu yake ni kubwa, udongo ukiwa na joto inaota ndani ya wiki au zaidi kidogo na mara nyingi inaukamata ule mche ulionunua kwa bei mara kadhaa.

Kwenye paketi kitu cha kwanza kusoma ni mwaka, sio picha. Mbegu ya kitunguu na pasili huchoka haraka, ukipata za mwaka mmoja uliopita bado sawa, zaidi ya hapo ni bahati nasibu. Karoti na maharage zinavumilia kama miaka 3, nyanya 4, tango hata 5, ila ziwe zimekaa pakavu na pasipo joto, sio paketi iliyoning'inia dirishani inapigwa jua kutwa. Kama una paketi ya zamani nyumbani usitupe, chukua mbegu 10 ziweke kwenye tishu yenye unyevu, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka sehemu yenye joto, zikiota 7 basi panda kwa kuzidisha kidogo, zikiota 2 nenda kanunue nyingine.

Halafu kuna F1. Hiyo ni chotara, inazaa vizuri na mara nyingi inahimili magonjwa fulani, lakini ukitunza mbegu zake ukapanda mwakani hutapata kitu kile kile. Kama unapenda kutunza mbegu zako mwenyewe nunua za kienyeji zinazojirudia, kama hutaki usumbufu huo F1 ya nyanya inalipa. Za karoti F1 kwa bustani ndogo mi sioni sababu.

Na ukiona mbegu zimepakwa rangi ya pinki au kijani iliyokolea, nyingi ya hizo zimewekwa dawa, osha mikono na usiwape watoto wachezee.

Namba mbili: miche midogo ya trei

Nyanya, pilipili hoho, biringanya, kabichi, brokoli. Nyanya kutoka kwenye mbegu mpaka mche wa kuhamisha ni wiki 6 hadi 8, hoho inaweza kufika 10, na yenyewe inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 na kuendelea ndo iote bila kuzira. Kama huna dirisha lenye mwanga wa maana utaishia na miche mirefu myembamba inayolala chini, au kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche pale udongoni, kinaipiga shingoni asubuhi unakuta imeanguka yote. Kwa hiyo kama unahitaji nyanya nne tu, nunua miche minne bana. Ukitaka arobaini hapo kaatike mwenyewe. Petunia na begonia nazo ziweke kundi hili, mbegu zake ni kama vumbi na zinachukua miezi kufika kwenye maua.

Sasa kuchagua mche, hapa ndo watu wanapigwa. Usichukue mrefu kuliko wote. Chukua mfupi, shina nene, majani yamekaribiana, rangi ya kijani imekolea. Geuza jani uangalie chini, huko ndo wanakaa inzi weupe na vidukari, na ukitikisa mche ukaona vitu vyeupe vinaruka rudisha mahali pake na hata vilivyo jirani usiguse. Kisha minya kitundu cha trei kwa chini, mche utoke taratibu: mizizi iwe myeupe, ishikilie udongo bila kumwagika, lakini isiwe imezunguka zunguka mpaka huoni udongo. Ya kahawia yenye harufu ya kuoza achana nayo. Muuzaji akikataa usiangalie mizizi basi na wewe kataa kulipa.

Mche wenye maua au tunda tayari kwenye kitundu kidogo sio bonasi. Umebanwa, umeona maisha yanaisha ndo ukaamua kuzaa, ukiupeleka ardhini utakaa muda mrefu haukui, wakati ule usio na ua unaupita.

Muulize pia muuzaji kama miche imeshazoeshwa nje. Kama imetoka kwenye kitalu cha nailoni moja kwa moja ukaitia kwenye jua la mchana majani yanababuka yanakuwa meupe. Itoe saa chache kwa siku kivulini, uongeze kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Kwenye nchi zenye jalidi usinunue nyanya na hoho mapema kwa sababu tu zimeshafika sokoni, usiku mmoja wa barafu unamaliza kila kitu. Nyanya ukiipanda zamisha shina mpaka karibu na majani ya kwanza, itatoa mizizi huko, ila kama ni ile ya kubebeshwa, yaani imeunganishwa juu ya shina la mmea mwingine, acha kovu la pale ilipoungwa libaki juu ya udongo la sivyo umelipia bure.

Namba tatu: vipandikizi na mimea ya kugawanya

Kwa viungo vya majani hii ndo ingekuwa namba moja. Rozimari kwa mbegu ni mateso, inaota kwa kusuasua. Pepaminti ni chotara tasa, haina mbegu ya kuaminika, na taragoni ya Kifaransa vile vile, paketi zinazouzwa kwa jina la taragoni kwa kawaida ni ile ya Kirusi yenye ladha hafifu. Nunua chungu kimoja kidogo chenye afya, kata kijiti cha sentimita 10 chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, minti na bezili tia tu kwenye glasi ya maji, rozimari chomeka kwenye mchanga wenye unyevu uisahau kidogo. Minti ikishika iache kwenye chungu chake, ardhini itateka bustani nzima.

Kile chungu cha bezili kinachouzwa pamoja na mboga kina miche mingi imesongamana, kigawanye vipande vinne mara moja, kila kimoja chungu chake, la sivyo kinakufa ndani ya wiki chache.

Namba nne: viazi na vitunguu vya maua

Dalia, gladiola, kana, hizi ndo za kununua machipuko. Kiazi cha dalia kiwe kigumu na kiwe na jicho pale kinapoungana na shina la zamani, bila jicho hakioti hata ukikibembeleza. Tulipu usinunue vitunguu vyake wakati huu, huwa vinapandwa kabla ya baridi maana vinahitaji wiki nyingi za ubaridi ndo vitoe ua.

Za mwisho: chungu kikubwa chenye maua, na vile viboksi

Chungu kikubwa kilichochanua kinafaa kama una wageni Jumamosi. Nje ya hapo unalipia wiki ambazo mmea umeshaishi. Na viboksi vyenye kikopo, kidonge cha kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) na mbegu sita viache dukani, hela hiyo hiyo inakupa paketi kadhaa za mbegu na mfuko wa udongo.