Mwaka wa pili na Bitwarden: neno moja kichwani, mengine yote kabatini

Mimi nauza viatu vya mitumba, si mtu wa kompyuta. Kilichonipeleka kwenye Bitwarden, programu inayotunza maneno ya siri kama kabati lenye kufuli, ni aibu. Asubuhi moja wateja walianza kunipigia: "Dada, hela nitume kwenye ile namba mpya kweli?" Ukurasa wangu wa biashara ulishachukuliwa, mtu anapokea oda kwa jina langu. Neno la siri lilikuwa jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa, lile lile la barua pepe, lile lile la duka moja la mtandaoni nililokwishalisahau. Baadaye niliingiza barua pepe yangu kwenye Have I Been Pwned, tovuti ya bure ya Troy Hunt, mtaalamu wa usalama wa mtandao, inayoonyesha kama barua pepe yako imo kwenye data zilizovuja, nikakuta data za duka lile zilivuja zamani. Mwizi hakubahatisha. Alisoma tu.

Toleo la bure la Bitwarden linahifadhi maneno ya siri bila kikomo, kwenye simu na kompyuta. Linayatunga lenyewe, yangu yana herufi na alama 20, siyajui na sina haja ya kuyajua. Nilianza kubadilisha la barua pepe, maana anayeishika hiyo atabonyeza "umesahau neno la siri" kwingine kote na kujifungulia.

Kazi ilikuwa neno kuu, lile la kufungulia kabati. Wanataka herufi zisizopungua 12. Nikaweka methali, mdogo wangu akanicheka: "Haba na haba nani haijui?" Basi nikachukua kamusi, nikafumba macho, nikafungua ovyo na kuokota maneno matano, mfano kifuu, teremka, bizari, mhunzi, shuka. (Si yangu hayo, msijisumbue.) Siku mbili yakawa yamekaa kichwani.

Ila ukilisahau, hata Bitwarden wenyewe hawawezi kukurudishia. Mimi nimeliandika karatasini, karatasi iko na hati ya kiwanja, na mume wangu anajua ilipo. PIN ya pesa za simu sijaiweka humo kabisa.

Toleo la bure halitoi zile namba za hatua ya pili (za muda mfupi, unazoulizwa baada ya neno la siri) ndani ya kabati lenyewe. Nazipata kwenye programu nyingine, na nimeona afadhali hivyo, visikae chungu kimoja. Kinachonikera ni programu ya benki yangu: haikubali kubandika, kwa hiyo naandika herufi zote 20 kwa kidole gumba huku foleni ikinisubiri.

Mwezi uliopita simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Nikaazima ya mdogo wangu, nikaandika maneno yangu matano, na kwa hatua ya pili nikatumia msimbo wa akiba wa Bitwarden, wa kuingilia simu ikikosekana, ulio kwenye karatasi ile ile. Kabla ya adhuhuri nilikuwa najibu wateja.