TAHADHARI: kuna jamaa anauza mashine za kukatia majani hapa Mbeya, msimpe hela yenu

Wadau wa Mbeya na Songwe, hasa nyie mnaotafuta mashine ya kukatia majani iliyotumika ili muanze kazi, naomba msome hii na mkawatumie na wenzenu. Nimepigwa 480,000. Siku 9 nimekaa kimya kwa aibu, hata mke wangu nilimwambia juzi baada ya kuniuliza mara 3 mbona mashine haitoki nje.

 Mnaonijua mnajua nilikuwa natembea na fyekeo begani, Ilomba mpaka Forest, mtu ananipa 10,000 nafyeka uwanja mzima mpaka mkono haukunjiki. Safari hii nilijipanga kweli. Kazi nilizitafuta kabla ya mashine: hosteli moja ya wanachuo Iyunga, shule moja ya chekechea, na mzee wa Forest Mpya mwenye ukoka wake anaoutunza kama mtoto, hataki fyekeo liuguse maana linauacha na mapara. Hosteli wakanipa kabisa advansi ya 60,000. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, mvua ndo zimekata, majani yamefika magotini, kila mtu anataka uwanja wake usafishwe. Mashine mpya dukani niliulizia nikaambiwa 850,000, sina. Ndo nikaanza kutafuta iliyotumika.

Huyu jamaa nilimpata kwenye grupu, kapost picha 4 za mashine ya kusukuma, nyekundu, ina stika ya injini ya Honda GCV160, kaandika "haina shida yoyote, mwenye nayo anahama". Nikampigia. Aisee yule mtu anajua kuongea. Kitu cha kwanza kunisalimia "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, na mimi kwetu ni huko huko Tukuyu, basi moyo ukalegea hapo hapo. Nikamuuliza nitume kianzio? Akaniambia hapana mdogo wangu, usimtumie mtu hela hujaona mzigo, matapeli ni wengi siku hizi, njoo uione inanguruma kwanza ndo tuongee. Sasa niambieni nyie, mtu anayekukataza kumpa hela utamshuku vipi?

Akasema nije saa 1 asubuhi, sehemu ya kuegesha magari kule upande wa stendi ya Nane Nane, eti saa 3 ana safari ya Makambako. Nikaenda. Baridi ya Mbeya mnaijua, ilikuwa na ukungu hata mlima Loleza huuoni. Nimemkuta na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kashusha mashine chini imefutwa inang'aa, yeye kavaa tisheti ya kwaya, ya kanisa gani sitasema maana kanisa halina kosa. Nikainama kuikagua, nikaweka mikono juu ya injini, ikawa ya moto. Ya moto kabisa, na mimi vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikaviacha pale nikiota kama mtu anayeota moto jikoni huku tunaongea bei. Hii ndo inaniuma kuliko vyote. Jibu nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu yote miwili na sikuliona.

Akavuta kamba mara moja tu, ikawaka. Moshi hakuna. Akaisukuma kwenye yale majani ya pembeni, ikakata vizuri ikaacha mstari umenyooka, akanipa na mimi nikasukuma kama dakika 5, nikaizima nikaiwasha mwenyewe, ikakubali kwa kamba moja. Nikajisemea Mungu kanikumbuka. Tulianza 550,000 tukashushana mpaka 480,000 na akajifanya ameumia kweli, akashika kichwa, akasema anafanya hivyo kwa sababu ni mtu wa nyumbani. Nikatuma kwenye simu pale pale, jina likatokea la mwanamke, nikamuuliza, akasema ni la mama watoto, yeye simu yake imeharibika mfumo. Nikabonyeza namba ya siri. Akaniandikia risiti kwa mkono kwenye kile kitabu cha stationary, "mashine 1, imelipwa", sahihi kama mnyoo, jina hakuna.

Halafu wakati ananisaidia kuipandisha kwenye bajaji akaniambia hivi: nimeiwekea oili mpya leo, usiiwashe leo wala kesho, iache itulie mpaka Jumatatu. Na mimi nikatii! Nikaifunika na shuka ndani, watoto nikawakataza kuisogelea.

Jumatatu nimefika hosteli saa 2, meneja kasimama, wanachuo wanapita kwenda kwenye vipindi. Navuta kamba, kimya. Nikavuta tena. Kamba ilikuwa inakuja laini kabisa, haina ule mkazo, kama unavuta uzi kwenye maji. Nimevuta mpaka kiganja kikachubuka, jasho linanitoka na baridi ile, meneja akaniuliza "fundi, umewahi kuitumia hii kweli?" Nikaomba fyekeo la mlinzi nikafyeka nusu ya uwanja kwa mkono ili nisirudishe advansi, maana nilishaitumia kununua petroli na viatu.

Nampigia jamaa, namba haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Mafiat. Akaifungua mbele yangu. Ringi za pistoni zimekwisha, silinda ina michirizi unaipitishia kucha inakwama. Akaweka kidole kwenye oili akanionyesha, oili nzito ya giaboksi, wanaiweka ili moshi usionekane. Kwa jinsi fundi alivyonieleza, ringi zikiisha injini haibani, lakini ukitoa plagi ukadondoshea oili kidogo ndani ya silinda inabana kwa muda mfupi, inawaka, inatoa ule moshi wa bluu mwanzoni, unaiacha ingurume mpaka moshi uishe, mteja akija anaikuta imeshachemka inawaka kwa kamba moja. Ndo maana ilikuwa ya moto asubuhi ile. Alikuwa ameshaimaliza kazi kabla sijafika. Na ile "iache itulie" ilikuwa ni ya kupata siku 2 za kupotea. Stika ya Honda fundi kaibandua na kucha, chini kuna stika nyingine ya jina sijawahi kulisikia. Na pale kwenye mwili wa injini panapogongwa namba, pamesagwa na grenda. Yaani hata sijui kama ni ya wizi, nimekaa nayo ndani na roho juu.

Kwa hiyo mkienda kununua, kabla ya yote shika injini, ikiwa ya moto mwambie utarudi ikipoa, au kaa hapo hapo usubiri hata masaa 3. Nenda na fundi. Vuta kamba taratibu usikie kama inabana. Jina la kwenye muamala lisipokuwa la huyo aliyesimama mbele yako, acha. Mengine fundi wako anayajua, mimi kichwa changu bado hakijatulia.

Nimeenda kituo cha polisi nimepewa RB, ile namba ya kesi iliyoandikishwa, na ile namba ya simu yake nimeiripoti pia kwa kutuma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kituoni nimeelezwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka 7. Mimi nataka aipate yote 7, isipungue hata siku. Kuna watu watasema msamehe kaka, hela inatafutwa. Hapana. Angeniibia usiku ningesema ni mwizi tu. Huyu kanisalimia kwa lugha ya mama yangu, kaniita mdogo wake, kanionya kuhusu matapeli huku ananitapeli, kaniangalia naota mikono yangu kwenye uongo wake akanyamaza. Mtu wa hivyo asikae mtaani. Aletwe pale hosteli, apewe fyekeo, afyeke uwanja wote ule na mkono mbele ya wale wanachuo, ndo apelekwe mahakamani.

Tangu niongee na watu wachache nimewapata wengine 2, mmoja yuko Iringa aliuziwa jenereta kwa staili hii hii, ya moto asubuhi, risiti ya kitabu, safari ya Makambako. Mwingine ni dada wa Uyole, pampu ya kumwagilia. Namba ni tofauti ila kirikuu ni kile kile, taa ya nyuma kushoto imefungwa na nailoni nyekundu. Kama na wewe umeuziwa kitu na mtu wa hivyo njoo inbox na muamala wako, usione aibu, Jumatano saa 3 asubuhi tunaenda kituoni wote pamoja, na yule dada wa Uyole anazo sauti zake alizomrekodi WhatsApp.