Meshi za rangi ya dhahabu Lubumbashi: ipi inastahili pesa yako

Kinkayeri (maduka ya zana na vifaa) nyingi za Lubumbashi, kuanzia zile za soko la Kenya hadi za katikati ya mji, zinauza meshi za kutobolea chuma zenye rangi ya dhahabu, na muuzaji atakuapia kwamba dhahabu hiyo ndiyo ugumu wenyewe. Nusu ya maneno yake ni kweli.

Utando halisi wa rangi hiyo ni nitridi ya titani. Ndani ya tangi lililotolewa hewa, titani hugeuzwa mvuke kwa umeme, huungana na azoti, kisha hutanda juu ya meshi katika joto la nyuzi 450 hivi. Unene ni mikroni 2 hadi 4. Ugumu wa utando unafika takriban 2300 Vickers (kipimo cha ugumu), wakati chuma cha HSS, yaani chuma cha zana kisicholegea upesi kwa joto, kilicho chini yake hakifiki 900. Faida inaonekana upesi: makapi ya chuma yanateleza kwenye mfereji badala ya kuganda, na ncha inachelewa kuliwa.

Lakini utando haubebi mzigo peke yake. Ukipakwa juu ya chuma laini ni ganda la yai juu ya bukari (ugali): ncha inabonyea, utando unapasuka, na tundu la tatu linatoka moshi. Ndiyo kasoro ya seti nyingi za bei rahisi. Kwa hiyo usiangalie rangi kwanza. Tafuta maandishi ya HSS kwenye shina, kisha kandamiza tupa karibu na ncha, si kwenye shina, maana shina huachwa laini kwa makusudi. Tupa ikiteleza, chuma ni kizuri, ikiuma, rudisha. Asetoni kidogo kwenye kitambaa nayo inasema mengi: nitridi haisikii asetoni, vanishi ya rangi inatoka.

Zile za zambarau iliyokoza karibu nyeusi ni nitridi ya titani na alumini. Zinavumilia nyuzi 800 hivi, kwa sababu kwenye joto kali alumini iliyomo hutengeneza ngozi ya oksidi inayokinga. Hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Utando huu unahitaji kasi na joto, yaani plaketi ya kabidi (kipande kidogo cha kukatia, kigumu kuliko HSS) kwenye mashine ya kukereza, ikikata chuma bila mafuta wala maji. Kwenye mashine ya mkono utalipia sifa usiyoitumia. Na usiipeleke kwenye alumini; inanata.

Kwa shaba, ambayo mji huu hauikosi, hatupendekezi dhahabu wala zambarau. Utando unafanya ukingo kuwa butu kidogo, na shaba laini inataka ukingo mkali. Chukua meshi tupu iliyong'arishwa. Kwa kazi ya mfululizo kiwandani, nitridi ya kromu, ambayo ni ya kijivu cha fedha, au utando wa kaboni unaofanana na almasi, ndiyo yenye maana. Huo wa kaboni ni uleule unaokutwa ndani ya injekta za dizeli za kisasa, ambako msuguano mdogo ni lazima.

Kisha kuna meshi za kobalti, zenye alama HSS-Co 5 au Co 8. Wengi wanazichanganya na za dhahabu kwa sababu zina rangi ya manjano iliyofifia. Rangi hiyo ni oksidi tu. Kobalti, asilimia 5 au 8, imo ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo ukinoa hupotezi kitu. Ya dhahabu ukiinoa, utando unaondoka kwenye ncha, ingawa mifereji inabaki nao na inaendelea kusaidia kidogo. (Huenda kobalti hiyo ilitoka migodi ya Kolwezi; bei inayorudi nayo ikiwa meshi ni habari nyingine.)

Hakuna utando unaosamehe kasi mbaya. Meshi ya milimita 10 kwenye chuma laini inataka mizunguko 800 hivi kwa dakika; kwenye inoksi (chuma kisichoshika kutu), 350 hadi 380. Mashine ya mkono inayozunguka 2800 inaisukuma ncha mita 88 kwa dakika, na kwenye inoksi hiyo ni kuichoma. Tena inoksi inakuwa ngumu pale inaposuguliwa bila kukatwa: sukuma mfululizo, tia mafuta, usiache meshi izunguke bure ndani ya tundu. Taya za mashine ya kusagia mawe, za chuma chenye manganizi asilimia 12 hadi 14, zina tabia hiyohiyo kwa ukali zaidi. Hapo HSS ya rangi yoyote ni hasara. Ni kabidi, au usitoboe.

Kwa ateliye ya kawaida inayotengeneza mageti, chasi na vipuri vya migodi, tunaweka kobalti 5 isiyo na utando mbele. Dhahabu halisi juu ya HSS nzuri inafuata, kwa matundu mengi ya chuma laini. Zambarau waachie wenye mashine kubwa.

Masanduku ya seti yaache pia. Mengi yanapanda kwa nusu milimita, kwa hiyo yanakosa milimita 6.8, ya tundu litakalokatwa nyuzi za skrubu M8 (ya kipenyo cha milimita 8), na 10.2 ya M12. Nunua moja moja: 5 kwa M6, 6.8, 8.5 kwa M10, na 10.2, mbilimbili kila saizi.