Kompyuta mpakato ya kuundia madirisha ya programu kwa Tcl/Tk: tazama kimo cha kioo kwanza

Msimu uliopita wa korosho nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika katika duka moja mjini Mtwara, nikaundia sampuli ya programu ya kuandikia uzito wa magunia ya chama chetu cha msingi. Katibu alijaza jina la mkulima, magunia na kilo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, nahifadhi wapi?" Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kimezama chini ya ukingo wa kioo.

Sizungumzii RAM wala prosesa, kwa kuwa Tcl, lugha ambayo John Ousterhout aliibuni Berkeley mwaka 1988 ili ipachikwe ndani ya programu nyingine, ni nyepesi, na ukiwa na Tk, zana yake ya kuundia madirisha na vitufe, hubadilisha mstari mmoja ukaona dirisha jipya papo hapo. Kioo cha kompyuta ile kilikuwa cha pikseli 1366 kwa 768, na kimo chake, ukiondoa 40 za upau wa chini wa Windows 10, hubakiwa na 728, na fomu yangu ilikuwa na maandishi makubwa ili wazee waisome. Najua kuwa pack, amri ya Tk ya kupanga vitu dirishani, hukinyima nafasi kilichopangwa mwisho, na kwamba kitufe kingetangulizwa kwa -side bottom, yaani kishikizwe chini, kingeonekana. Lakini hapo kingetoweka kisanduku cha kilo.

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi upendeleo, ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018 yenye 1920 kwa 1080, ambayo betri yake moja kati ya mbili huchomolewa na kubadilishwa umeme ukikatika. Modeli hiyo hiyo iliuzwa pia na kioo cha 768, kwa hiyo fungua mipangilio ya kioo ukiwa bado dukani, na ukuzaji wa vitu kiooni (scale) uwe asilimia 100 au 125, maana kwa 150 zile 1080 hugeuka 720. Ya pili ni EliteBook 840 G3, kwa tahadhari ile ile. MacBook Air ya 2017, yenye 1440 kwa 900, inatosha. Vile vidogo vya inchi 11 vya bei rahisi viachie watoto.

Kinachoniudhi ni karatasi ya "HD" wanayobandika wauzaji, kumbe HD ya kompyuta mpakato ndiyo hiyo 768, na juu yake wanakupandishia bei kwa kisingizio cha nauli ya mzigo kutoka Kariakoo, hasa malipo ya korosho yakishatoka. Nilipoirudisha yangu, muuzaji aliiwasha, akanigeuzia kioo na kusema, "Dada, si kinawaka?"